Skrini Pana Iliyopinda kwa Ajili ya Gemu: Namna ya Kuichagua na Kuifunga Mezani

Skrini pana iliyopinda huchaguliwa vizuri na mtu aliyeanzia nyumbani akiwa na futikamba mkononi, kuliko aliyeanzia dukani kwa kutazama ipi inang'aa zaidi. Skrini ya namna hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa karibu nayo, akiwa mkabala na katikati yake, na umbali kati ya macho yake na kioo ndio unaoamua ukubwa unaofaa, mpindo unaofaa na hata wingi wa pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Baada ya umbali huo huja uwezo wa kompyuta itakayoilisha picha. Mengine yote, zikiwemo taa za rangi zinazopachikwa mgongoni mwa skrini na maneno makubwa yaliyochapishwa kwenye boksi, yanaweza kusubiri.

Hatua ya kwanza: Pima meza na umbali wa macho

Kaa kama unavyokaa unapocheza, si kama unavyokaa unapopigwa picha, kisha mtu akupimie kutoka kwenye jicho hadi mahali kioo kitakaposimama. Usisahau stendi. Skrini hizi ni pana na nzito, kwa hiyo miguu yake hutanuka, na mara nyingi hula sentimita 25 au zaidi za kina cha meza. Meza yenye kina cha sentimita 60, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika vyumba vingi, humsogezea mchezaji kioo karibu mno ikiwa itatumika stendi iliyokuja na skrini. Katika hali hiyo ni afadhali kupanga tangu mwanzo kununua mkono wa chuma unaobanwa kwenye ukingo wa meza, kwa sababu unaweza kuisukuma skrini hadi ikaribie ukuta. Kwa skrini ya inchi 34, umbali wa sentimita 65 hadi 85 unafaa watu wengi. Pima pia upana: skrini hiyo inahitaji takriban sentimita 80, na ya inchi 49 inahitaji karibu sentimita 120, kabla hujaweka spika au kasha la kompyuta pembeni.

Hatua ya pili: Chagua ukubwa kwa kuangalia kimo

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka kona hadi kona, na kipimo hicho humpotosha anayehama kutoka skrini ya kawaida. Skrini ya kawaida ina uwiano wa 16:9, ilhali hizi pana zina uwiano unaoitwa 21:9, na zile pana kupita kiasi zina 32:9. Kadiri skrini inavyotanuka ndivyo inchi zilezile zinavyozaa kimo kidogo zaidi. Skrini pana ya inchi 29 ina kimo cha sentimita 28 na kitu tu, sawa na skrini ya kawaida ya inchi 23, kwa hiyo mtu anayetoka kwenye inchi 27 ataiona kama mstari mwembamba mezani. Ya inchi 34 ina kimo cha takriban sentimita 33, sawasawa na ile ya kawaida ya inchi 27, ila imeongezewa sentimita 10 kila upande. Ya inchi 49 ni kama skrini mbili za inchi 27 zilizounganishwa bila mpaka katikati.

Kwa maoni yangu, inchi 34 ndio ukubwa unaowafaa wengi, kwa sharti moja: iwe na pikseli 3440 kwa 1440. Sokoni zipo za inchi 34 zenye pikseli 2560 kwa 1080, na bei yake huvutia. Hizo zina pikseli 82 hivi katika kila inchi, ambapo zile za 3440 kwa 1440 zina karibu 110. Kwa umbali wa sentimita 70 tofauti hiyo huonekana mara moja kwenye maandishi madogo, kwenye ramani iliyo pembeni ya gemu, na kwenye majani ya miti yaliyo mbali, ambayo hugeuka vidoa vinavyotetemeka. Pikseli 2560 kwa 1080 zinakaa vizuri kwenye inchi 29, na hapo sina ubishi nazo.

Hatua ya tatu: Uliza kadi yako ya grafiki

Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07. Ile ya 3440 kwa 1440 ina milioni 4.95, yaani karibu mara mbili na nusu, na kadi ya grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha, italazimika kuzichora zote katika kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo. Fremu hazipungui kwa kiwango kilekile, kwa kuwa sehemu ya kazi hufanywa na prosesa na haiongezeki na upana wa picha, lakini hupungua vya kutosha kukukera. Ikiwa gemu unayoipenda inatoka sasa kwa fremu 60 kwa sekunde katika 1920 kwa 1080, huku kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, tarajia kwamba katika skrini mpya utalazimika kushusha vivuli, ukungu na uakisi. Kadi kama RTX 4070 ya mwaka 2023 inaimudu skrini ya 3440 kwa 1440 bila shida katika gemu nyingi. Kadi za chini yake huhitaji msaada wa DLSS au FSR, ambazo huchora picha ndogo kisha kuikuza. Msaada huo si jambo la kuonea haya, na katika pikseli 1440 za kimo matokeo yake ni mazuri.

Anayetumia PlayStation 5 au Xbox badala ya kompyuta nisingemshauri anunue skrini hii. Mashine hizo hutoa picha ya 16:9, na kwenye skrini ya inchi 34 utabaki na mapande mawili meusi, kila moja likiwa na upana wa sentimita 10 hivi. Utakuwa umelipia upana ambao hautumii.

Hatua ya nne: Angalia gemu zako moja moja

Gemu haziupokei upana kwa namna moja. Zipo zinazouongeza upeo wa macho, na hapo ndipo raha ya skrini hii ilipo: gemu iliyokuwa ikikuonyesha nyuzi 90 kwa mlalo katika 16:9 itakuonyesha karibu nyuzi 107. Katika Euro Truck Simulator 2, kwa mfano, dereva huiona barabara, dashibodi na kioo cha pembeni kwa wakati mmoja, bila kugeuza kichwa kwa kipanya kila anapotaka kuhama njia. Gemu za ndege na za magari kwa jumla hunufaika kwa namna hiyo.

Zipo nyingine zinazokataa. Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, huweka mapande meusi pembeni, na Valorant haimpi mwenye skrini pana upeo mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu walioitengeneza wanataka washindani wote waone sawa. Mtu ambaye jioni zake zote ni za gemu ya ushindani ya aina hiyo atahudumiwa vizuri zaidi na skrini ya kawaida yenye kasi kubwa.

Hatua ya tano: Chagua mpindo

Mpindo huandikwa kwa namba na herufi R, kama 1000R, 1500R au 1800R. Namba hiyo ni nusu kipenyo cha duara kwa milimita: skrini ya 1500R ni kipande cha duara ambalo kitovu chake kiko mita moja na nusu mbele ya kioo. Namba ikipungua, mpindo unaongezeka. Ukilaza rula ndefu kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini ya inchi 34, nafasi itakayobaki kati ya rula na katikati ya kioo ni takriban sentimita 8 kwa 1000R, sentimita 5 kwa 1500R na zaidi kidogo ya sentimita 4 kwa 1800R. Kwa 3800R ni kama sentimita 2 tu, na macho huizoea hadi ikaonekana bapa.

Faida yake inapimika. Ukiwa sentimita 70 kutoka katikati ya skrini bapa yenye upana wa sentimita 80, ukingo wake uko sentimita 80 na ushee kutoka kwenye jicho lako, kwa hiyo maandishi na picha za pembeni hupungua ukubwa na kutazamwa kwa mshazari. Mpindo wa 1500R huushusha umbali huo hadi karibu sentimita 76, na wa 1000R hadi 73. Kwa inchi 34 ninapendekeza 1500R au 1800R. Mpindo wa 1000R umezoeleka zaidi katika skrini kama Samsung Odyssey G9 ya inchi 49 iliyotoka mwaka 2020, ambapo upana ni mkubwa kiasi kwamba bila mpindo mkali ungelazimika kugeuza shingo. Mwenye kuchora ramani za nyumba au kupanga kurasa kwa skrini ileile afikirie mara mbili, maana mstari ulionyooka ukipita juu ya kioo kilichopinda sana huonekana umelegea katikati.

Hatua ya sita: Chagua aina ya paneli

Skrini nyingi zilizopinda za bei ya kati hutumia paneli, yaani bamba linalotoa picha, ya aina ya VA. Weusi wake ni mzito, kwani utofautishaji wake, yaani pengo kati ya weupe na weusi, hufika 3000 kwa 1 au zaidi, ambapo IPS ya kawaida huwa karibu 1000 kwa 1. Udhaifu wa VA ni kwamba pikseli zake huchelewa kutoka kwenye giza: ukiendesha lori usiku, miti myeusi iliyo kando ya barabara huacha nyuma yake uchafu kama wino uliopakwa kwa kidole. Zipo VA za karibuni zilizopunguza tatizo hilo sana, kwa hiyo ijaribu skrini kwa picha ya usiku inayotembea, wala usiridhike na video ya maua ambayo wauzaji hupenda kuionyesha. IPS ina rangi thabiti ukiitazama kwa pembeni, lakini giza lake huelekea kijivu.

OLED inazizidi zote mbili kwa weusi na kwa wepesi wa pikseli. Alienware AW3423DW ya mwaka 2022 ndiyo iliyofungua mlango wa aina inayoitwa QD-OLED katika skrini za gemu, ikiwa na inchi 34, mpindo wa 1800R na kasi ya hezi 175, yaani picha 175 kwa sekunde, na bei za aina hiyo zimeshuka tangu hapo. Ila OLED huweza kuweka alama ya kudumu pale picha isiyobadilika inapokaa muda mrefu, na ili kujilinda hufanya marekebisho ya pikseli yenyewe ikiwa imezimwa lakini bado ina umeme. Katika nyumba zetu wengi tumezoea kuzima swichi ya ukutani mara tu baada ya kumaliza kucheza. Anayenunua OLED aiache tabia hiyo, au asubiri hadi taa ndogo ya skrini ionyeshe kwamba marekebisho yamekwisha.

Hatua ya saba: Nunua, safirisha na kagua

Ukinunua Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli jijini Nairobi au kwa mtu anayeagiza kutoka Dubai, muulize jambo moja kabla ya kupatana bei: skrini ikiharibika, nani anaipokea, na kwa risiti ipi. Waranti inayotolewa Dubai huenda isitambuliwe hapa, na paneli iliyopasuka haitengenezeki kwa bei ya maana. Plagi ya Dubai ni ileile ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Aliye Bujumbura au Goma, ambako pini ni za duara, atahitaji waya mwingine wa umeme.

Boksi lisafiri wima, kama mishale iliyochapishwa ubavuni inavyoelekeza. Likitumwa kwa basi, lisimamie hadi uone limewekwa wapi, kwa kuwa mizigo mingine ikipandishwa juu ya boksi lililolazwa, kioo kilichopinda ndicho kinachobeba uzito.

Ukaguzi ufanyike dukani ikiwezekana. Onyesha rangi moja skrini nzima, kwanza nyeupe, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Pikseli iliyokufa huonekana kama nukta nyeusi kwenye nyeupe, na iliyoganda huonekana kama nukta ya rangi kwenye nyeusi. Kisha taa zizimwe na picha nyeusi ibaki, uangalie kona: skrini iliyopinda hubanwa na fremu yake, na mahali palipobanwa sana mwanga wa nyuma huvuja kama ukungu wa manjano. Kuvuja kidogo ni kawaida. Kuvuja unakokuona taa zikiwa zimewashwa ni sababu ya kuomba nyingine. Kwa OLED ya mtumba, tumia pia picha ya kijivu, kwa maana humo ndimo alama za kudumu hujitokeza.

Hatua ya nane: Ifunge mezani

Usiitoe skrini na kuilaza kifudifudi juu ya meza. Kwa kuwa imepinda kwa mbele, kingo zake mbili tu ndizo zitakazogusa meza, na ukikandamiza mgongo wake unapokaza skrubu za stendi utakuwa unaikunjua paneli kwa mikono yako mwenyewe. Iache ndani ya povu lililokatwa kwa umbo lake, funga stendi hapohapo, ndipo muinyanyue watu wawili mkiishika kwa fremu ya chini na mgongo, vidole vikiwa mbali na kioo.

Atakayetumia mkono wa chuma ahakikishe matundu manne ya mgongoni yana umbali wa milimita 100 kwa 100, na kwamba mkono unabeba uzito wa skrini bila stendi na kubaki na akiba. Skrini iliyopinda hulemea mbele, kwa hiyo mkono uliofikia kikomo chake utainamisha kichwa pole pole. Meza ya mbao laini iwekewe kipande cha ubao mgumu au bati chini ya kibanio.

Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na kiti kikae katikati kabisa, kwani ukihamia upande mmoja mpindo unakuwa kero. Dirisha lisiwe nyuma yako. Skrini bapa huakisi dirisha kama kipande kimoja unachoweza kukikwepa, lakini iliyopinda huutandaza mwanga huo kuwa mstari mrefu.

Hatua ya tisa: Unganisha kebo na uweke kasi

Kebo iingie kwenye kadi ya grafiki, kwenye zile tundu zilizo chini nyuma ya kasha, wala isiingie kwenye tundu za ubao mkuu zilizo juu karibu na za kipanya. Tumia DisplayPort 1.4 kama ipo. HDMI 2.0 hufikisha hezi 100 tu katika 3440 kwa 1440, na kebo ya HDMI iliyokuwa ikitumika kwenye king'amuzi inaweza kukupa chini ya hapo. Plagi nyingi za DisplayPort zina kitufe cha kubonyeza kabla ya kuzichomoa. Ukivuta kwa nguvu utang'oa tundu.

Sasa ingia kwenye Mipangilio ya Windows, sehemu ya Mfumo, kisha Onyesho. Hakikisha resolusheni ni 3440 kwa 1440, halafu fungua mipangilio ya juu ya onyesho na uchague kasi kubwa kabisa iliyoorodheshwa. Hatua hii hurukwa na wengi kuliko zote, kwa sababu Windows huweza kuiacha skrini ya hezi 144 kwenye hezi 60, na picha ikatoka nzuri bila dalili yoyote ya kasoro. Sogeza kipanya kwa mduara kabla na baada ya kubadilisha: katika hezi 60 mshale huruka kwa nafasi kubwa, katika hezi 144 nafasi hizo zinakaribiana hadi mwendo unakuwa laini.

FreeSync au G-Sync, teknolojia za kulinganisha kasi ya skrini na fremu zinazotoka kwenye kadi, iwashwe kwenye menyu ya skrini yenyewe, kisha kwenye programu ya kadi ya NVIDIA au AMD. Ndani ya gemu, weka kikomo cha fremu chini kidogo ya kasi ya skrini, kwa mfano 141 kwa skrini ya hezi 144, ili picha isitoke nje ya eneo ambalo teknolojia hiyo inafanya kazi.

Hatua ya kumi: Rekebisha picha

Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali mno kwa chumba cha kulala. Ushushe hadi ukurasa mweupe ufanane na karatasi nyeupe iliyo karibu nayo chini ya taa yako. Kasi ya pikseli, inayopatikana kwenye menyu ya skrini, iwe ya kati. Ukiipandisha hadi juu, vitu vinavyotembea huacha nyuma yao kivuli cheupe. HDR, yaani hali ya kuonyesha mwanga na giza kwa upana zaidi, iache imezimwa kama skrini yako si OLED na ina alama ya DisplayHDR 400 pekee, kwa kuwa nyingi za kundi hilo haziwezi kupunguza mwanga wa nyuma eneo kwa eneo, na picha hupauka.

Skrini ipate umeme kupitia stabilaiza au UPS, hasa mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Anayekaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi na unyevu, asiibandike skrini kwenye ukuta unaotoa jasho, na afute vumbi kwenye matundu ya hewa ya mgongoni kwa brashi kavu. Kioo kifutwe kimezimwa na kimepoa, kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo kilichoguswa na maji safi yasiyo na chumvi, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zisikikaribie, kwani huondoa utando unaozuia mng'ao, na utando huo ukishatoka haurudishiki.